Bahari ya Lita 250 Isiyo na Tasi

Jumamosi asubuhi, majirani zangu wa jengo hili wanapotoka na vikapu kwenda sokoni, mimi huwa nimekunja mikono ya shati hadi mabegani, nimepiga magoti mbele ya kioo, na mkononi nina mswaki. Mswaki laini, wa mtoto. Nasugua mawe. Maji ninamozamisha mikono yana joto la nyuzi 25 na chumvi kama ya bahari ya Tanga, na nje ya dirisha langu hapa Berlin theluji imelala juu ya magari.

Jumamosi moja ya Februari mjomba alipiga simu ya video akanikuta hivyo hivyo. Mjomba ni mtu wa madema. Amevua tangu sijazaliwa, na hata sasa magoti yanapomkataa bado hushuka pwani kila alfajiri kuwakosoa wanaovua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Unaosha nini?"

"Naosha matumbawe, mjomba."

Akanyamaza. Kisha nikamsikia akimwita mkewe aje aone. Nikaielekeza simu kwenye kioo: matawi ya zambarau, vifundo vya rangi ya chungwa, na katikati yake, kama ndevu za mzee zilizotiwa rangi, mashungi ya mwani wa kijani yakipepea na mkondo wa pampu. Mkewe alicheka. Mjomba hakucheka. Alisogeza uso karibu na simu.

"Huo mwani umekaa vibaya. Tasi wako wako wapi?"

Nikamjibu kwamba tangi langu ni dogo, tasi haingii humo, nikabadilisha mazungumzo nikauliza hali ya shangazi. Nilikuja kulirudia swali lile baada ya karibu mwaka mzima, nikiwa nimeshatumia fedha ambazo sitazitaja hapa kwa sababu mke wangu husoma magazeti.

Kwa asiyeujua uraibu huu: watu wazima wenye kazi zao huchukua tangi la kioo, hulijaza maji yaliyokorogwa chumvi, huweka mawe, taa kali za samawati na pampu za kutengeneza mawimbi, kisha hupandikiza vipande vya matumbawe hai na kusubiri vikue. Vipande hivyo huitwa vipandikizi, kama vya muhogo. Mwenye tumbawe lililokua hukata tawi akampa au akamuuzia mwenzake, na kwa njia hiyo kuna matawi yanayozunguka katika nyumba za Ujerumani ambayo mababu zao waliiona bahari miaka thelathini au arobaini iliyopita. Ni afadhali iwe hivyo, maana matumbawe magumu yako katika kiambatisho cha pili cha mkataba wa CITES, na kuyasafirisha kutoka nchi moja hadi nyingine kunahitaji vibali.

Mji huu una nafasi yake katika historia hiyo. Zamani, kuweka tumbawe gumu sebuleni kulikuwa sawa na kununua ua lililokatwa: unalitazama likinyauka, basi. Kati ya miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Berlin, akiwamo Dietrich Stüber, walianza kuyakuza majumbani kwa njia ambayo hadi leo duniani kote huitwa njia ya Berlin. Mawe hai kutoka baharini, yaliyojaa bakteria wa kuyeyusha uchafu, mwanga mkali, na mtambo unaopuliza vipovu vidogo ndani ya maji ili taka zinate kwenye povu na kumwagwa nje. Aliyewahi kutembea ufukweni kusi ikivuma ameiona kazi hiyo ikifanywa na bahari yenyewe, lile povu la rangi ya chai linalojikusanya mchangani.

Kiungo cha nne ni maji ya chokaa, aliyoyahimiza sana Peter Wilkens. Hapo ndipo huwa nacheka peke yangu. Kwetu, kwa karne nyingi, matumbawe yalichomwa yakawa chokaa, na chokaa hiyo ikajenga misikiti na majumba kutoka Lamu hadi Kilwa. Huku mtu ananunua kopo la chokaa, anaikoroga majini, anayaacha maji yake yadondoke tone kwa tone usiku kucha ili tumbawe lijijengee mfupa.

Sasa tuje kwa adui. Tumbawe ni mnyama, ingawa halitembei. Kila kitundu unachokiona juu ya jiwe lake ni kinywa cha polipu, kiumbe laini mwenye mikono midogo ya kukamatia chakula. Lakini chakula kingi hakikamati. Ndani ya nyama yake amewapangisha vijimwani visivyoonekana kwa macho, zaidi ya milioni moja katika kila sentimita ya mraba, na vijimwani hivyo hupika sukari kwa mwanga wa jua na kumlipa mwenye nyumba kodi kwa sukari hiyo. Rangi ya kahawia ya tumbawe ni rangi ya wapangaji wake. Bahari ikipata joto kupita kiasi wapangaji hutoka, na mnyama hubaki mweupe akiwa na njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, El Niño ilipopita katika Bahari ya Hindi na kuacha miamba mingi ya Kenya, Tanzania na visiwa vya jirani imepauka, na sehemu kubwa haikuamka tena.

Kwa hiyo tumbawe huishi kwa mwani wa ndani, na likiwa na bahati mbaya hufa kwa mwani wa nje. Ugumu wote wa tiba umo humo. Kama ningekuwa nafuga samaki peke yao, ningetafuta sumu ya mwani nikamaliza kazi jioni moja. Lakini sumu inayoua kila mwani haiulizi huu ni wa nje au wa ndani. Itamfukuza mpangaji pamoja na mvamizi, na asubuhi utaamka na tangi safi lililojaa mifupa.

Mvamizi mwenyewe haingii kwa mlango wa mbele. Nyama hai ya tumbawe ina ute, na kwa kawaida mbegu za mwani hazishiki hapo. Zinashika penye kidonda: pale kaa alipokwaruza, pale tawi lilipovunjika, au kwenye ule mguu wa saruji ambao kipandikizi kimegundishwa. Zikishapata shina, vita huanza pembeni. Nyuzi za mwani hulitia kivuli tumbawe, hulisugua kila mkondo unapopita, na jambo la tatu halionekani kwa macho. Mwaka 2006 Jennifer Smith na wenzake waliweka mwani na tumbawe katika vyumba viwili vya maji vilivyotenganishwa na chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba hata bakteria hawapiti. Havikugusana, lakini tumbawe lilikufa. Walipotia dawa ya kuua bakteria, tumbawe lilipona. Ilivyoelekea, mwani huvujisha sukari iliyoyeyuka, sukari hiyo huwanenepesha bakteria wanaoishi juu ya tumbawe lenyewe, nao huimaliza hewa ya oksijeni karibu na ngozi yake. Tangu nilisome jambo hilo sijaweza tena kusema, kama nilivyokuwa nikisema, kwamba shungi moja dogo halina neno.

Mwani wangu haukuletwa na jini. Niliukaribisha mwenyewe. Maji ya bomba ya mji huu ni mazuri ya kunywa, lakini kwa matumbawe ni lazima yapitishwe kwenye mtambo wa kuyavua kila kilichomo, yabaki maji matupu, ndipo uyatie chumvi. Machujio ya mtambo huo huchoka. Yangu yalikuwa yamechoka miezi mingi nami sikupima. Juu ya hilo nilikuwa nalisha samaki wangu wanne kama mpishi wa harusi, vipande vya uduvi wa barafu asubuhi na jioni, nikifurahia wanavyonikimbilia. Siku nilipopima, fosfeti ilikuwa miligramu 0.5 kwa lita. Kwenye mwamba wa bahari safi haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo.

Fosfeti na naitreti ni mbolea, zile zile anazozinunua mkulima wa mahindi. Na kuna hila moja ambayo wanaoanza huijua wakiwa wamechelewa: mawe ya tangi ni ya chokaa, na chokaa hunyonya fosfeti kama mkate unavyonyonya mchuzi. Ukishayasafisha maji, mawe huanza kuitema ile yaliyoimeza, wiki baada ya wiki. Nilibadilisha machujio, nikapunguza chakula, nikabadilisha maji, na mwani uliendelea kuota kana kwamba sijafanya lolote.

Kabla ya tiba mtu amjue adui wake. Niliyempigia mswaki siku ya simu ya mjomba alikuwa mwani wa nyuzi laini kama nywele, usio na umbo maalumu ukiutoa majini. Huo, kwa bahati, konokono wanaula. Wa pili nilimwona nyuma ya jiwe kubwa: kila uzi una vinyuzi pande mbili, kama unyoya wa ndege. Wataalamu humwita Bryopsis, na karibu hakuna anayemtaka mdomoni. Wa tatu ni shanga za kijani zinazong'aa, na kila shanga, hata iwe na ukubwa wa zabibu, ni seli moja tu. Nilikuwa nazo tatu nikazing'oa kwa kibano. Utelezi mwekundu unaotandaa juu ya mchanga kama zulia si mwani, ni bakteria, na tiba yake ni nyingine.

Kwa tumbawe lililoshikwa, kazi ya mkono haina mbadala. Natumia mabakuli matatu ya maji ya tangi. Katika la kwanza nang'oa nyuzi kwa kibano na kusugua mguu wa kipandikizi kwa mswaki, nikijizuia kugusa nyama. Kisha nakitoa nje ya maji, na kwa bomba la sindano lisilo na sindano nadondosha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ile ya kuoshea vidonda inayotoa povu, juu ya mwani peke yake. Inachemka vipovu. Nahesabu hadi sitini. Bakuli la pili la kuosha, la tatu la kuosha tena, na tumbawe linarudi mahali pake. Tumbawe linaweza kukaa nje ya maji dakika hizo bila shida. Kwenye bamvua, maji yakitoka, binamu zake wa Tanga hukaa juani kwa muda mrefu kuliko hapo. Baada ya siku mbili tatu mwani hugeuka kijivu au wa waridi, na konokono wanaoukataa ukiwa mbichi huula ukiwa umelegea. Dawa hiyo isimwagwe kiholela ndani ya tangi: kamba na baadhi ya matumbawe hawaipendi kabisa.

Mahali ambapo mwani ulikuwa umeingia hadi ndani ya mfupa mkavu nilikata. Nilichukua koleo, nikakata tawi hai juu ya mstari wa kifo, nikaligundisha kwenye kiguu kipya kwa supaglu ya kawaida, ile ya fundi viatu. Inashika hata penye unyevu. Kipande kilichobaki, na mwani wake, kilikwenda pipani.

Hapa niseme jambo moja kwa sauti ya juu. Kuna matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati, mazuri mno, yaitwayo zoantidi. Baadhi yake yana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotengenezwa na viumbe hai. Ilitambuliwa na wanakemia wa Hawaii mwaka 1971. Kuna watu waliochemsha mawe yenye viumbe hao ili waue mwani, mvuke ukajaa nyumba, na familia nzima ikalala hospitalini. Jiwe la tangi halichemshwi kamwe. Ukizisugua zoantidi vaa glavu na miwani, usisugue hewani maji yakarukaruka, na ukiwa na kidonda mkononi iache kazi hiyo hadi kipone.

Ule mwani wa unyoya haukujali mswaki wala peroksaidi. Kila nilipoung'oa uliacha kipande cha mzizi kisichoonekana, na baada ya siku kumi ulikuwa umerudi na jamaa zake. Dawa ambayo wafugaji waliigundua kwa kujaribu, na ambayo kweli inafanya kazi, ni flukonazoli, dawa ya fangasi ya binadamu. Kipimo chao ni miligramu 20 kwa kila galoni ya Marekani, yaani kama miligramu 5.3 kwa lita. Tangi langu ukitoa nafasi ya mawe lina maji kama lita 220, hivyo nilihitaji kama gramu 1.2, yaani vidonge 6 vya miligramu 200. Nilivipata kwa cheti cha daktari wa wanyama. Nikiwa nimekaa mezani nafungua vidonge kimoja kimoja na kumwaga unga kwenye glasi, nilikumbuka wodi moja ya nyumbani, na ndugu aliyekuwa akisubiri dawa hiyo hiyo kwa ajili ya fangasi wa ubongo. Sikuipenda nafsi yangu usiku ule. Lakini nilimwaga.

Kwa siku tano hakuna kilichotokea. Siku ya kumi unyoya ulianza kupauka nchani. Wiki ya tatu haukuwapo tena, na matumbawe yalikuwa yamefunguka vizuri. Nilimtumia mjomba picha. Akajibu kwa sauti: "Umekufa. Umekwenda wapi?"

Nilidhani ni maneno ya uzee. Baada ya wiki mbili nilielewa. Mwani uliokufa ulikuwa umeoza humo humo ndani na kurudisha majini kila ulichokula. Mwani wa nywele, ambao nilikuwa nimekwisha kuupunguza, ulikuta meza imeandaliwa. Nilikasirika. Nikanunua chembechembe za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfeti, nikajaza chujio, nikaongeza zaidi ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kama mtu anayemeza vidonge vinne kwa sababu viwili havikutosha.

Fosfeti ikashuka hadi sifuri. Naitreti nayo, kwa kuwa nilikuwa nimepunguza sana chakula, ikafika sifuri. Nilijisifu siku nne. Siku ya tano mchanga ulikuwa na utando wa kahawia wenye nyuzi kama makamasi, na kwenye kila ncha ya uzi kipovu cha hewa. Usiku ulitoweka, mchana ukarudi mnene zaidi. Konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, wasiweze kugeuka. Niliazima darubini ya shule ya mtoto wa jirani nikaweka tone moja: vidude vyenye umbo la tone la machozi, vikizunguka mahali pamoja kana kwamba vimefungwa kamba. Ni dinoflageleti wa kundi la Ostreopsis, na baadhi yao wana sumu za ukoo mmoja na ile niliyoitaja juu.

Mwani wa nywele na bakteria wema walikuwa wakimzuia huyu kwa kumnyima nafasi na chakula. Nami nilikuwa nimewaua kwa njaa wote waliokuwa wakimzuia. Tiba iliyoniokoa ilinitia aibu: nilikwenda dukani kununua fosfeti na naitreti katika chupa, nikazirudisha tone kwa tone katika maji yale yale niliyolipia kuzitoa. Nikaweka taa ya urujuanimno kwenye bomba, maana vidude hivi usiku huelea majini na taa huvikamata vikipita. Nikaomba kwa rafiki kikombe cha mchanga mchafu wenye vidudu hai. Miezi miwili. Sasa fosfeti yangu iko kati ya 0.03 na 0.1, naitreti kati ya 5 na 10, na sifuri naiogopa kuliko kumi.

Ndipo nikampigia simu mjomba mwenyewe, nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sisi dema la tasi tunalitia chambo gani?"

"Mwani."

"Basi."

Kila mtoto wa Tanga anajua hilo. Tasi, wengine humwita tafi, huingia demani kwa uroho wa mwani. Pono hukwangua mwani pamoja na jiwe na kulitema likiwa mchanga. Kangaja hutembea kwa makundi kama mbuzi wakichunga. Mwamba wenye afya hauna mwani mwingi wa kuonekana, na si kwa sababu mwani hauoti hapo: unaota kila saa, na kila saa unaliwa. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vya kemia mwaka mzima nikidhani usafi wa mwamba unatokana na maji yake. Maji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni midomo.

Dunia ilifundishwa somo hilo huko Jamaika kwa gharama kubwa. Wavuvi wa kisiwa hicho walikuwa wamekwisha kuvua karibu pono na kangaja wote, lakini mwamba ulibaki safi kwa sababu kulikuwa na mnyama mwingine, yule wa miiba mirefu myeusi ambaye kila pwani yetu ina jina lake na kila mguu wa mvuvi unamkumbuka. Nimwite nungu wa bahari. Mwaka 1983 maradhi yalizuka kuanzia Panama na katika muda wa mwaka mmoja hivi yakaua zaidi ya asilimia 90 ya nungu hao katika Karibi nzima. Mdomo wa mwisho ukafungwa. Terry Hughes, aliyeifuatilia miamba hiyo, aliandika mwaka 1994 kwamba matumbawe hai yaliyokuwa yamefunika zaidi ya nusu ya mwamba miaka ya 1970 yalikuwa yameshuka chini ya asilimia 5. Mahali pake palikuwa pa mwani.

Msomaji asikimbilie kuhitimisha kwamba nungu wengi ni heri. Kwenye pwani ya Kenya, Tim McClanahan ameonyesha kwa miaka mingi kisa cha upande wa pili. Kikande, samaki mwenye meno ya kuvunjia, ndiye anayewala nungu. Akivuliwa akaisha, nungu huzaana bila kizuizi, huumaliza mwani kisha huendelea kulitafuna jiwe lenyewe, na mwamba huporomoka. Ndani ya hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, vikande wapo na nungu ni wachache. Nje yake hali ni nyingine.

Na huko Hawaii wamefanya katika ghuba nzima kile ninachojaribu kufanya sebuleni. Miaka ya 1970 mtaalamu wa mwani Maxwell Doty alileta katika ghuba ya Kāneʻohe mwani kutoka Ufilipino kwa majaribio ya kilimo. Ni jamii ile ile ya mwani wa biashara iliyofika Unguja kutoka Ufilipino mwaka 1989 na ambayo akina mama wa Paje na Jambiani wanaifunga kambani hadi leo. Kule Hawaii ulitoroka ukayafunika matumbawe. Wapiga mbizi walitumia mashua yenye bomba kubwa la kunyonya, wakaung'oa kwa mikono na kuupitisha bombani. Uliota tena, kama wangu. Tangu mwaka 2011 wakaanza kumwaga nungu wadogo waliozalishwa kwenye vituo vya ufugaji, mamia ya maelfu, wakawaweka pale bomba lilipopita. Kwanza mkono, kisha mdomo. Mkono peke yake hautoshi, na mdomo peke yake haumalizi shungi lililokwisha kuwa msitu.

Niliifuata kanuni hiyo. Tasi kweli haingii katika lita 250. Hata yule wa manjano anayeuzwa madukani hukua hadi urefu wa kiganja na vidole vyote, ana miiba yenye sumu, na anahitaji nafasi mara mbili ya hiyo. Kumweka humo ni ukatili. Nimeweka konokono ishirini wa aina tatu, kwa sababu mmoja hupenda kioo, mwingine jiwe, mwingine mchanga. Nimeweka samaki mmoja mwenye uso wa mzee aliyenuna, ambaye kutwa hubusu mawe na kuacha alama za midomo. Na nungu mmoja mdogo, duara kama chenza, mwenye mistari ya buluu, ambaye huokota vijiwe na maganda na kuyavaa kichwani kama kofia. Aliwahi kutembea na kipandikizi changu cha bei kuliko vyote siku tatu. Nilimsamehe. Jiwe analopita usiku, asubuhi ni jeupe.

Pengo la tasi nalijaza mimi. Dakika arobaini kila Jumamosi, mswaki na kibano. Mwani bado upo, nyuma ya pampu na kwenye pembe moja ya kioo, na sijaugusa, kwa kuwa unakula mbolea ambayo vinginevyo ingeliwa na mwingine nisiyemjua.

Mjomba alitaka kujua tasi anauzwa bei gani huku. Nikamwambia nimemwona dukani kwa euro 70, mmoja, mdogo. Akakaa kimya kidogo akipiga hesabu, kisha akauliza kama bei hiyo ni pamoja na kukaangiwa.

Neno moja kwa wenzangu wa pwani, maana najua matangi ya maji chumvi yameanza kuonekana katika nyumba na hoteli za kwetu pia. Mwaka 1984 kipande cha mwani wa mapambo aina ya Caulerpa, kisichozidi mita moja ya mraba, kilionekana baharini chini ya jumba la makumbusho la Monaco. Kikaenea kwa maelfu ya hekta kwenye pwani za Mediterania. Mwaka 2000 mwani huo huo ulikutwa katika rasi moja karibu na San Diego, Marekani, na kuuondoa kulichukua miaka sita na zaidi ya dola milioni 7. Mwani unaoutoa kwenye tangi lako usiumwage baharini, wala mferejini, wala chooni. Uanike juani ukauke kabisa, kisha uutupe pamoja na taka za nyumbani.